Kupasua kuni Kabuta: shoka, kabari au mashine?

Katika mashamba mapya yanayofunguliwa nyuma ya vijiji vya Kabuta, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru wilayani Nchelenge, kaskazini mwa Zambia, magogo manene hubaki yamelala mpaka yaliwe na mchwa au yachomwe moto ili kusafisha shamba. Kando yake hupita akina mama na mabinti wakienda mbali kutafuta matawi. Si kwamba hawayaoni. Tawi lenye unene wa kifundo cha mkono huingia jikoni lilivyo na kusukumwa kati ya mafiga kadiri linavyoungua. Gogo lenye upana wa sentimita 40 haliingii popote mpaka lipasuliwe, na shoka jepesi la nyumbani, ambalo Wabemba huliita isembe, hulikwaruza tu.

Kwa hiyo tatizo la kuni, mahali pengi, ni tatizo la kupasua kabla ya kuwa tatizo la miti. Jambo hili linawagusa kwa namna ya pekee wasikilizaji wetu wazungumzao Kiswahili katika wilaya hiyo: wavuvi na wafanyabiashara wa ufukweni, pamoja na watu waliokimbia vita katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika na kupokewa katika makazi ya Mantapala, yaliyofunguliwa mwaka 2018. Mgeni anayeingia msitu wa mwenyeji wake kukata mti mbichi hukaribisha ugomvi. Anayeomba gogo lililokwisha kuangushwa, ambalo mwenye shamba amelishindwa, mara nyingi hupewa kwa shukrani.

Je, anahitaji mashine? Jibu letu ni kwamba nyumba moja haihitaji. Kikundi cha watu wanaochoma kuni nyingi, kama vile wakaushaji wa samaki, shule inayopika chakula au mwoka mikate, huenda kikahitaji. Tuanze na vifaa visivyo na injini, maana ndivyo vitakavyowatosha wengi.

Shoka zito na kabari mbili

Shoka la kukatia na shoka la kupasulia ni vitu viwili tofauti, ingawa dukani huwekwa rafu moja. La kukatia lina makali membamba ili lizame katika nyuzi za mti likizikata kwa upande. Ukilipiga juu ya gogo lililosimamishwa, huzama na kunasa. La kupasulia lina kichwa kizito, cha kilo 2.5 hadi 3.5, chenye umbo la kabari nene. Kazi yake ni kuzitenganisha nyuzi wala si kuzikata, na halihitaji makali ya wembe.

Mwenye shoka jepesi tu asikate tamaa. Kabari mbili za chuma na nyundo kubwa hufanya kazi ileile kwa polepole. Fundi wa chuma anaweza kuzifua kutokana na ekseli kuukuu ya gari. Kwa nini mbili? Kwa sababu ya kwanza ikinasa, ya pili hupigwa mbele yake katika ufa uleule na kuikomboa. Kichwa cha kabari kikianza kuchanua kama ua kwa mapigo, kisuguliwe mara moja, la sivyo vipande vyake huruka kama risasi. Kwa sababu hiyohiyo, usigonge kichwa cha shoka kwa nyundo ya chuma.

Kata gogo vipande vya sentimita 30 hadi 40. Kisimamishe kipande juu ya gogo jingine pana, si juu ya udongo, kwa kuwa ardhi humeza nguvu ya pigo na jiwe lililofichika huharibu makali. Tazama uso wake: palipo na ufa ambao jua limekwisha kuuanzisha ndipo pa kupiga. Gogo nene sana lisishambuliwe katikati. Limenye pembeni, pande kwa pande, ukielekea kwenye kiini. Simama miguu imetanuka, ili pigo likikosa shabaha lishuke kati ya miguu na kuishia kwenye gogo la chini, lisifike kwenye mguu. Watoto wakae mbali, angalau hatua kumi.

Miti haifanani. Muputu na mutondo ulionyooka hupasuka vizuri ukiwa bado mbichi, lakini palipo na vifundo huwa na ukaidi. Mubanga ni mgumu mno, nao ukikauka hushinda hata kabari. Mkaratusi hupasuka kwa pigo moja siku ulipoangushwa, kisha hugeuka kama mfupa baada ya miezi michache. Kanuni, basi, ni kupasua mapema na kukausha baadaye, ingawa wengi hufanya kinyume. Musuku tungeshauri uachwe umesimama, kwani matunda yake hulisha watu. Mukula nao usiguswe kabisa: biashara yake imekwisha kupigwa marufuku na serikali zaidi ya mara moja. Miti yenye utomvu mweupe, kama mnyaa, haifai jikoni, maana utomvu wake huunguza macho.

Mashine yenyewe

Mashine ya kupasulia kuni ni rahisi kuielewa kwa mtu aliyewahi kuona jeki ya lori. Pampu husukuma mafuta kwa shinikizo kubwa ndani ya silinda. Pistoni husogea polepole na kulisukuma gogo dhidi ya kabari isiyosogea. Nguvu yake hutajwa kwa tani. Zipo za aina tatu zinazostahili kujulikana.

Ya kwanza huendeshwa kwa mkono au mguu, kama jeki, na nyingi zina nguvu ya tani 10 hivi. Haina injini, haili petroli na hubebwa na watu wawili. Ni ya polepole, lakini kwa mzee au mtu mwenye mgongo mbovu ni msaada wa kweli. Kama kifaa kimoja kingenunuliwa na familia kadhaa za Kabuta kwa kuchangiana, sisi tungechagua hicho.

Ya pili ni ya umeme, ya tani 4 hadi 7, na mota yake hutumia kilowati 1.5 hadi 2.2. Paneli ndogo ya jua inayowasha taa na kuchaji simu haiwezi kuisogeza. Penye umeme wa gridi pia kuna mashaka: ukame uliolishusha bwawa la Kariba mwaka 2024 uliwaacha Wazambia gizani kwa saa nyingi kila siku. Tena tani 7 ni chache kwa mubanga wenye vifundo.

Ya tatu ina injini ya petroli na nguvu ya tani 20 au zaidi. Hiyo hupasua karibu kila kitu. Katika masoko ya Marekani bei yake huanzia karibu dola 1,000, kabla ya usafiri na ushuru. Kabla ya kuinunua, uliza mambo ambayo muuzaji hapendi kuulizwa: mpira wa kuzuia mafuta yasivuje kwenye silinda unapatikana wapi, Mansa au Lusaka? Bomba la mafuta likipasuka, nani atatengeneza jingine? Je, ina mishikio miwili inayolazimu mikono yote miwili ishike ndipo pistoni isogee? Isiyo na kinga hiyo iachwe dukani. Na ile ya parafujo inayozunguka na kujichimbia ndani ya gogo isiletwe nyumbani hata kwa bure, maana hunasa nguo na kumvuta mtu.

Mtu mmoja, mashine moja

Ajali ya kawaida ya mashine hizi haitokani na chuma kuvunjika, bali na ushirikiano. Mmoja hushika gogo lisianguke, mwenzake huvuta mpini. Aliyeshika anasogeza vidole kidogo ili aliweke sawa. Aliye kwenye mpini amekwisha kuvuta. Pistoni hiyo inakwenda polepole kiasi kwamba mtu hudhani atawahi kutoa mkono, naye hawahi. Kwa mvuvi anayefunga nyavu kwa vidole hivyo, hasara hiyo ni ya maisha yote. Kwa hiyo anayeweka gogo ndiye huyohuyo anayevuta mpini, na wasaidizi hukaa nyuma wakileta na kuondoa kuni. Sheria hii isilegezwe hata siku ya haraka.

Hatari ya pili haionekani. Mafuta ndani ya mabomba huwa na shinikizo linaloweza kufikia mara 200 ya lile la hewa. Tundu dogo kama la sindano hutoa mchirizi unaopenya ngozi. Usitafute mvujo kwa kidole. Zima injini, kisha pitisha kipande cha kadibodi. Mtu akipigwa na mchirizi huo, jeraha huonekana dogo na maumivu huwa machache mwanzoni, lakini mafuta hayo huua nyama ndani. Apelekwe hospitali saa ileile, na daktari aambiwe waziwazi kwamba ni mafuta ya shinikizo. Asisubiri mkono uvimbe.

Injini iwashwe mahali pa wazi, nguo zisining'inie, na macho yakingwe kwa miwani.

Kuni za mwezi Machi

Mti mbichi unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Maji hayo hutoka kwa shida kupitia ganda. Hutoka upesi kupitia ncha zilizokatwa na pande zilizopasuliwa. Kuni mbichi hutumia sehemu ya moto wake kuchemsha maji yake yenyewe, na moshi unaobaki huingia vifuani mwa wapishi. Kipande chembamba kilichokauka hupikia zaidi, tena kinafaa katika majiko bora na matanuri ya kukaushia samaki kama lile la Chorkor, lililotokea Ghana, ambalo mdomo wake haupokei magogo.

Ufukweni kuna sababu nyingine ya kuhesabu miezi. Uvuvi hufungwa kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Unapofunguliwa Machi, majiko ya kukaushia huwashwa yote kwa pamoja, na mvua bado inanyesha hadi Aprili. Anayeanza kutafuta kuni wakati huo hupata mbichi, tena kwa bei ya juu. Akumbuke pia kwamba kuni za kuuza huhitaji kibali cha idara ya misitu chini ya Sheria ya Misitu ya 2015.

Magogo yapasuliwe kati ya Mei na Julai, yapangwe juu ya mawe au miti miwili yasiguse udongo wenye mchwa, ganda likitazama juu. Lifunikwe juu tu wakati mvua za Novemba zinapokaribia. Pande ziachwe wazi upepo wa ziwa upite.