Kalenda na Kisomo: Uteuzi wa Tungo za Kusomwa kwa Sauti katika Mji wa Kale wa Mombasa

Historia ya fasihi ya Kiswahili imezoeleka kuandikwa kama historia ya watunzi na miswada yao. Wahakiki huuliza nani alitunga, lini, na kwa hati gani. Swali la nani aliyeusoma utungo kwa sauti mbele ya hadhira, na kwa nini akauteua huo badala ya mwingine, aghalabu huachwa kando. Makala haya yanalichunguza swali hilo kwa mfano wa Mji wa Kale wa Mombasa. Hoja yake ni kwamba kalenda, mikononi mwa wasomaji wa kujitolea, ilikuwa chombo cha uteuzi wa fasihi, na kwamba utungo uliokosa mwezi wake ulikuwa karibu na kupotea.

Waswahili wa pwani huihesabu miezi kuanzia mwisho wa saumu: Mfungo Mosi hadi Mfungo Tisa, kisha Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Baadhi ya miezi hiyo ina kisomo chake. Mfungo Sita, mwezi wa kuzaliwa Mtume, husomwa Maulidi ya Jaafar al-Barzanji, mwanachuoni wa Madina wa karne ya 18. Hamziya ya al-Busiri, kasida ya karne ya 13, nayo ni ya kumsifu Mtume; Sayyid Aidarus bin Athman wa Pate aliifasiri kwa Kiswahili cha kale, na tafsiri yake imo miongoni mwa tungo kongwe za lugha hii zilizohifadhiwa. Mwezi 27 Rajabu hukumbukwa Miiraji, kisa kilichotungiwa tenzi. Ramadhani ni mwezi wa darsa na tafsiri ya Kurani misikitini. Kwa hiyo, msikilizaji asiyejua kusoma hati ya Kiarabu aliweza, kwa kuufuata mwaka tu, kupitia maktaba nzima kwa masikio.

Yafaa kuzingatia namna kisomo hicho kinavyoendeshwa. Barzanji imegawanywa katika milango, na wasomaji hupokezana: mmoja akimaliza mlango wake, mwingine huendelea, huku hadhira ikiitikia. Hakuna aliye mwenye kitabu pekee. Ujira wa msomaji ni thawabu, pamoja na kahawa, halua na marashi anayoshiriki na waliohudhuria. Vitabu navyo mara nyingi viliwekwa wakfu, yaani vilitolewa katika umiliki wa mtu binafsi ili wengi wanufaike navyo. Mambo hayo matatu, yaani matini iliyo ya wote, msomaji asiyelipwa na mwezi unaoelekeza uteuzi, ndiyo yaliyozifanya tungo hizo zidumu. Mswada ulipochakaa ulinakiliwa upya kwa sababu mwaka uliofuata ungehitajika tena.

Hali ilikuwa tofauti kwa Muyaka bin Haji, mshairi mkuu wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840. Mashairi yake yalihusu siasa za Mvita chini ya Mazrui, uhasama na Unguja, biashara, mapenzi na kejeli za watu wa mji. Yalisemwa barazani, yakajibiwa, yakakaririwa. Lakini hayakuwa na mwezi. Utawala wa Mazrui ulipoangushwa na Sayyid Said mwaka 1837, hata tukio la kisiasa lililoyapa mengi kati ya hayo makali yake likapita. Yaliyosalia yalisalia katika kumbukumbu za watu. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, aliyakusanya na kuyaeleza kwa ajili ya mmishonari W. E. Taylor. Miswada hiyo ikaishia London, na diwani ikachapishwa na William Hichens huko Johannesburg mwaka 1940, miaka 100 baada ya kifo cha mshairi. Mohamed Abdulaziz aliyarudisha mashairi hayo mbele ya wasomi wa Kenya kwa kitabu chake cha mwaka 1979. Muyaka, basi, aliokolewa na mkusanyaji mmoja, ilhali Hamziya iliokolewa na umati.

Hata hivyo, haitakuwa sahihi kudai kwamba mwezi ndio uliokuwa njia pekee. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, hauna tarehe katika mwaka wa ibada. Lakini ulikuwa na mnasaba wake nyumbani, katika malezi na usia kwa mabinti. Kinachohitajika ni mnasaba unaorudi, uwe wa mwezi au wa maisha. Mashairi ya Muyaka yalikuwa na mnasaba mmoja mmoja, na mnasaba huo haukurudi.

Hoja hii ina uzito leo. Tangu mwaka 2005, LibriVox, iliyoanzishwa na Hugh McGuire nchini Kanada, imewakusanya watu wa kujitolea wanaosoma kwa sauti vitabu visivyo tena na hakimiliki na kuvitoa bure. Na kupendekezeana vitabu hivyo kwa mada ya mwezi ni desturi ambayo mtu wa Kibokoni au Kuze hangeiona ngeni. Tofauti ni kwamba wakfu hutolewa kwa nia, ilhali miliki ya umma huja kwa kupita kwa muda. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, muda huo ni miaka 50 baada ya mwaka wa kifo cha mwandishi. Maandishi ya Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyefariki mwaka 1947, yamo huru; ya Ahmad Sheikh Nabhany, aliyefariki mwaka 2017, yatalindwa hadi mwisho wa 2067.

Muyaka yu huru tangu zamani, ingawa utangulizi na sherehe za wahariri wa karibuni zina wenyewe. Lakini uhuru wa kisheria haumpatii mtunzi sauti. Barzanji haikuhitaji sheria ili isikike. Ilihitaji Mfungo Sita na watu walioketi mkekani. Wasomi wanaotaka Muyaka asikike tena Mombasa hawana budi kumtafutia mnasaba unaorudi kila mwaka, na wasomaji watakaoushika bila ya kungoja malipo.