Kutoka damu nyingi baada ya kujifungua: kwa nini ipimwe kwa mfuko, si kwa macho

Kila mwanamke hutoka damu anapojifungua. Ikifika mililita 500, yaani nusu lita, au zaidi ndani ya saa 24, tunasema mama anatoka damu nyingi. Duniani kote, hali hii ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa za vifo vya wanawake vitokanavyo na uzazi.

Mara nyingi chanzo ni mfuko wa uzazi kulegea baada ya kondo la nyuma kutoka. Mimba inapokaribia kutimia, takriban nusu lita ya damu hupita kwenye mfuko huo kila dakika. Usipojikaza na kubana mishipa, mama huishiwa damu haraka. Wakati mwingine ni kuchanika njia ya uzazi, au kipande cha kondo kimebaki ndani.

Dawa zipo. Kinachotuponza ni kuchelewa kugundua, kwa sababu macho hayajui kupima damu. Inalowa kwenye khanga, inapita chini ya mgongo, inachanganyika na maji ya uzazi. Miaka yangu ya kwanza kazini niliandika kwenye faili la mama mmoja "damu ya kawaida". Nusu saa baadaye alikuwa anatokwa jasho la baridi na kuomba maji. Alipona, lakini baada ya kuongezewa chupa mbili za damu. Nilikuwa nimemwangalia kweli. Niliiangalia khanga.

Utafiti uliobadilisha mambo

Profesa Arri Coomarasamy wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, na wenzake wakiwemo watafiti wa Afrika, walilichukua tatizo hili hilo. Utafiti wao, unaoitwa E-MOTIVE, ulifanyika katika hospitali za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini, ukahusisha wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023.

Kifaa chenyewe ni cha kawaida sana: karatasi ya plastiki inayowekwa chini ya makalio ya mama mara mtoto anapozaliwa, na upande mmoja inaishia kama mfuko wenye mistari ya vipimo. Damu ikifika mililita 500, mkunga hasubiri. Ikifika 300 na mapigo ya moyo au presha si sawa, hasubiri pia. Anasugua tumbo ili mfuko wa uzazi ukaze, anatoa dawa ya kuukaza, anatoa asidi ya traneksamiki inayozuia donge la damu lisiyeyuke, anaweka dripu, na anakagua damu inatokea wapi. Zamani tulijaribu kimoja, tukangoja, kisha kingine. Hapa vyote hufanyika pamoja.

Hospitali za kulinganishia nazo zilipewa mfuko, ila usio na mistari. Huko wahudumu waligundua takriban nusu tu ya akina mama waliotoka damu nyingi. Kwenye mistari waligundua 93 kati ya kila 100. Na wanawake waliofikia hali mbaya, yaani kupoteza lita nzima au zaidi, kufanyiwa upasuaji wa tumbo kwa sababu ya damu, au kufariki, walikuwa 16 kati ya kila 1,000, wakati upande wa pili walikuwa 43.

Baadhi ya akina mama huniuliza kama damu ile inapelekwa mahali. Haiendi popote, ikishapimwa inatupwa. Si kila kituo kina mfuko huu. Uliza ukiwa kliniki, si siku ya uchungu.

Kwa anayemhudumia mama

Shangazi, mama mkwe, wifi: usifue khanga zenye damu kabla mkunga hajaziona. Na usiseme "acha itoke, ni damu chafu". Damu inayotiririka polepole bila kukoma ni ya hatari kama inayomwagika.

Mwite mhudumu, au kama mko nyumbani nendeni kituoni mara moja, ikiwa pedi nzima inalowa ndani ya saa moja, mabonge makubwa yanatoka, au mama ana kizunguzungu, moyo unakwenda mbio, ana jasho la baridi au anazubaa. Hii ni hata kama zimepita siku kadhaa tangu ajifungue. Asidi ya traneksamiki inatakiwa itolewe ndani ya saa 3 tangu mtoto azaliwe, kwa hiyo msikae kujadiliana. Mkisubiri usafiri, mama akojoe, maana kibofu kilichojaa huzuia mfuko wa uzazi kukaza. Mtoto anyonye, na mtu asugue tumbo chini ya kitovu mpaka pawe pagumu.

Mimba ikiwa bado changa, mama apime wingi wa damu kliniki na ameze vidonge vya madini chuma anavyopewa. Tafuteni mapema ndugu wawili wa kuchangia damu, na namba ya mwenye bodaboda au gari anayepokea simu usiku.