Masomo ya Watoto Wetu na Msimu wa Korosho

Katika kitabu hiki cha kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu, wengine wataandika habari za maghala, mizani na minada. Sisi twapenda kueleza habari za shule.

Elimu haikuchelewa kufika kwetu. Wamisheni wa UMCA waliingia Masasi mwaka 1876, pamoja na watumwa waliokombolewa kutoka Unguja. Wabenediktini wakaanzisha kituo chao Ndanda mwaka 1906. Benjamin Mkapa, mtoto wa Lupaso, alisoma Ndanda kabla ya kwenda Pugu, naye akawa Rais mwaka 1995. Lakini nafasi za sekondari zilikuwa haba. Mtoto wa mkulima aliyebaki nyumbani hakuhesabiwa kuwa ameshindwa mtihani, maana hata huo mtihani hakuuona.

Tangu mwaka 2004 shule za kata zilijengwa kwa wingi, na wananchi wakabeba mawe na mchanga. Kisha yakaja matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012: yalipotangazwa mara ya kwanza, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchini walipata sifuri. Walilaumiwa walimu, wakalaumiwa na watoto. Ni kweli kwamba walimu wa hisabati na sayansi walikuwa wachache, na kwamba mtoto aliyefundishwa kwa Kiswahili miaka saba hukuta Kiingereza mlangoni mwa Kidato cha Kwanza. Hayo yaamuliwa mbali nasi.

Liko lakini jambo la mashambani mwetu. Msimu wa korosho hukolea Oktoba na Novemba, na Novemba ndio mwezi wa mtihani wa Kidato cha Pili na cha Nne. Nyumba isiyo na fedha ya vibarua huwatuma watoto kuokota korosho na kuzitenganisha na mabibo. Msichana wa juu uwandani huongezewa ndoo, kwani mvua bado, na bomba likikauka maji hufuatwa bondeni. Jioni kitabu chafunguliwa na mtu aliyechoka.

Na fedha ya daftari ni ya korosho vilevile. Nchi yetu ilivuna tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74. Baada ya Operesheni Vijiji, bei duni na ubwiriunga, mavuno yalishuka chini ya tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1980. Ada iliondolewa Januari 2016, lakini sare, chakula na chumba cha kupanga karibu na shule havikuondolewa. Novemba 2018 Serikali ilitangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malipo ya wengi yakachelewa, na Januari 2019 shule zikafunguliwa wazazi wakiwa bado wangoja.

Kwa hiyo twaomba Mkutano Mkuu ujao upokee hoja mbili: kila chama cha msingi kipange zamu za kusaidiana kuokota katika mashamba ya wazazi wenye watahiniwa, na kila mwanachama atoe debe moja la mahindi kwa uji wa shule, kabla mnada wa kwanza haujafunguliwa.