Kutoka Magomeni Hadi Goba

Nyumba ya bibi yangu pale Magomeni, Dar es Salaam, ilikuwa nyumba ya Kiswahili hasa: baraza mbele, vyumba sita vikitazamana koridoni, na uani nyuma ambako kila mpangaji aliwasha jiko lake la mkaa. Sokoni tulikwenda kwa miguu, shuleni vilevile, na babu aliendesha baiskeli hadi bandarini. Petroli haikuwamo katika matumizi ya nyumba ile.

Mitaa kama Magomeni ilizaliwa na ubaguzi. Wajerumani, na Waingereza baada yao, waliutenga mji kwa rangi: Oysterbay ikapewa viwanja vikubwa vyenye bustani, Kariakoo vidogo vilivyobanana. Waingereza walipopima Magomeni baada ya Vita Kuu ya Pili, waliendeleza mtindo uleule. Dhuluma ile siitetei, lakini ukaribu wa nyumba na kazi, soko na shule ulikuwa na faida ambayo hatukuithamini mpaka tulipoipoteza.

Sensa ya 1967 ilihesabu watu wapatao 273,000 Dar es Salaam. Ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya milioni 5.3. Viwanja vilivyopimwa Sinza na Kijitonyama miaka ya 1970 havikutosha. Watu wakafuata barabara za Bagamoyo, Morogoro, Pugu na Kilwa, wakanunua mashamba ya mikorosho vipande vya ishirini kwa ishirini, wakajenga kabla maji na lami havijafika.

Mimi ni mmoja wao, naishi Goba. Tunapikia gesi, na nashukuru, maana mkaa wa uani kwa bibi ulikuwa misitu iliyokatwa. Lakini maji yalipokuwa hayajafika tuliletewa na boza la dizeli. Alfajiri naondoka na gari, niko peke yangu ndani, na kwenye foleni injini inanguruma bila kwenda popote. Hewa chafu tuliyoipunguza jikoni tunaimwaga barabarani.

Ndiyo maana mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yana maana kubwa, na Magomeni Kota pia: mwaka 2022 zilizinduliwa pale nyumba 644 za ghorofa, kwenye ardhi ya nyumba za chini zilizovunjwa. Mji ujengwe hivyo, kwenda juu na kando ya mabasi, kwa kodi ambayo mpangaji wa chumba kimoja ataimudu. Mwananchi anaweza kuchagua jiko. Umbali wa kwenda kazini huamuliwa na anayepima viwanja.