Mchoro kielelezo: picha ya uyoga kama ushahidi

Tangu karne ya 16 Wazungu wamekuwa wakiuchora uyoga kwa rangi za maji, mchanga na mkongwe, mzima na uliopasuliwa. Picha hizo wakaziweka fungu moja na picha za maua na majani, wakaziita michoro ya kibotania. Jina hilo linaingia katika Kiswahili bila shida yoyote, na hapo ndipo pa kutilia shaka. "Kibotania" linatuambia kwamba uyoga ni mmea. "Mchoro" halituambii picha ile ina kazi gani. La kwanza si kweli, la pili halitoshi. Ninalopendekeza ni kuliacha la kwanza, na kuliongezea la pili neno tulilo nalo tayari, ambalo makarani wa mahakama hulitamka kila siku ya kazi: kielelezo. Tuseme mchoro kielelezo wa kuvu.

Nianze na la kuachwa. Linnaeus aliuweka uyoga pamoja na mimea, na kwa miaka mia mbili watu wa botania ndio walioutunza, kuutaja na kuuchora. Lakini uyoga hauna chembe ya kijani wala haujipikii chakula kwa jua. Hula kwa kuyeyusha vilivyo karibu nao na kuvifyonza. Mwaka 1969 Robert Whittaker, mwanaikolojia wa Marekani, alizipa kuvu himaya yake zenyewe, mbali na mimea na wanyama. Wataalamu wa majina walichelewa: kanuni zao za kimataifa zilibeba jina la botania hadi mkutano wa Melbourne wa mwaka 2011, ulioamua ziitwe kanuni za mwani, kuvu na mimea. Ikiwa wenye botania yao wamekiri hivyo, sisi tunaotafsiri leo hatuna sababu ya kuzirudisha kuvu bustanini.

Kiswahili chenyewe hakina kosa hilo. Kina kuvu, ukungu na uyoga, na hospitali zimeongeza fangasi. Kuvu ni jina la ukoo wote. Ukungu ndio huo unaoota juu ya mkate. Uyoga ni sehemu tu inayochomoza ili kumwaga spora, huku mwili wenyewe ukiwa nyuzi zilizojificha ndani ya udongo au gogo. Sumukuvu, neno lililosikika sana baada ya watu kufa Dodoma na Manyara mwaka 2016 kwa kula nafaka iliyoingiwa na sumu hiyo, limeonyesha kwamba "kuvu" linabeba sayansi bila kuegemezwa.

Sasa twende Nyanda za Juu Kusini, maana huko jambo hili si la maktabani. Mvua zikishakolea, barabara kuu ya kutoka Iringa kwenda Mbeya hupata wauzaji wa uyoga pori, akina mama na watoto wenye ndoo, mabeseni na sado, hasa ukikaribia Mafinga. "Kamwene, mama. Huu wa njano unaitwaje?" Utapewa jina lake, namna ya kuupika, na mti unaoota chini yake. Hilo la mti si nyongeza ya maongezi. Nyuzi za kuvu nyingi zinazoliwa huko zimeshikana na mizizi ya miombo. Mti hupata maji na madini kutoka kwa kuvu, kuvu hupata sukari kutoka kwa mti. Kata miombo, na uyoga wake umekwenda nayo.

Katika shamba la miti la Sao Hill hali ni nyingine kabisa. Mipaini ililetwa kutoka nje, na kuvu zake zikaja nayo kwa sababu bila hizo haistawi. Uyoga wa jenasi ya Suillus, wenye kofia telezi na vitundu chini yake badala ya matamvua, umeifuata mipaini popote ilipopandwa Afrika. Kwa hiyo mtu mwenye kitabu cha picha za uyoga kilichochapwa Ujerumani anaweza kukifungua chini ya mipaini ya Mufindi na kupata anachokitafuta. Akivuka na kuingia kwenye miombo, kitabu hichohicho kinaweza kumuua. Picha ni ileile na ustadi wa mchoraji haujapungua, ila haikuchorwa kutokana na uyoga wa miombo, kwa hiyo haina la kusema juu yake.

Walipokuja wakusanyaji wa kwanza, hawakuandaa njia ya kuandika mambo hayo ya uyoga na mti wake. Mwaka 1899, Mkwawa, mtawala wa Wahehe, akiwa bado hajatimiza mwaka tangu kufa kwake, mtaalamu wa mimea Walther Goetze alipita Uhehe akikusanya, akaendelea hadi Rungwe na milima ya Wakinga, na kabla mwaka haujaisha akafariki. Makusanyo yake yalikwenda Berlin, ambako wakati huo Paul Hennings ndiye aliyekuwa akizitaja kuvu zinazotoka Afrika ya mashariki. Baadaye Adolf Stolz, wa misheni ya Moravian, alikusanya mimea kwa miaka kadhaa pale Kyimbila karibu na Tukuyu, nayo ikafuata njia hiyohiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 mabomu yaliunguza sehemu kubwa ya hazina ya mimea ya Berlin.

Hasara ya moto ule inajulikana. Hasara iliyotangulia moto haisemwi sana. Jani lililobanwa kati ya kurasa za gazeti hukauka likabaki jani, na miaka 100 baadaye mtaalamu anahesabu mishipa yake. Uyoga haubaniki hivyo. Karibu asilimia 90 yake ni maji; ukiukausha, kofia inajikunja, rangi inageuka kahawia, harufu inakwenda, ute wa juu unatoweka, na utomvu uliokuwa ukibadilika rangi unapokatwa hauchuruziki tena. Spora hubaki, na kwa hadubini zinasema mengi. Lakini yale ambayo muuzaji wa Mafinga huyatazama anapochagua, karibu yote, yamepotea kabla meli haijang'oa nanga. Ndiyo maana kwa mmea picha ni msaidizi wa sampuli, na kwa uyoga picha ni nusu ya sampuli yenyewe.

Ulaya ililitambua hili mapema, ingawa kwa kusuasua. Carolus Clusius alichapisha mwaka 1601 maelezo ya uyoga wa Hungaria na majirani zake, akiwa amechorewa picha nzuri za rangi. Kitabu kikatoka na michoro ya kuchongwa kwenye mbao. Picha za rangi hazikuingia, na ziko Leiden mpaka leo. Mwishoni mwa karne ya 18 Bulliard wa Ufaransa na Sowerby wa Uingereza walitoa mabamba ya rangi yanayotumiwa hadi sasa kuamulia majina. (Kiswahili kina bahati hapa: "bamba" linafaa kabisa kwa ukurasa wa picha, kwa kuwa picha hizo zilichapwa kweli kwa bamba la shaba.)

Kwa Afrika yetu, kazi inayostahili kutajwa kwa sauti ni ya Madame Goossens-Fontana. Katika miaka ya 1920, huko Kongo, alikuwa akiokota uyoga msituni na kuuchora kwa rangi za maji ungali mbichi, kisha anaukausha na kuutuma Ubelgiji pamoja na mchoro wake. Maurice Beeli wa Brussels, ambaye ndiye aliyekuwa akiusoma, alikuwa na vitu viwili mkononi kwa kila uyoga: bahasha ya kitu kilichosinyaa, na karatasi inayoonyesha kilivyokuwa kabla ya kusinyaa. Kuanzia mwaka 1935 mabamba hayo yalianza kutolewa kwa mfululizo, kitabu cha picha za kuvu za Kongo, na wataalamu wengine wakauendeleza baada ya Beeli. Jina la mchoraji limebaki ndani ya majina ya uyoga wenyewe: Cantharellus goossensiae, Lactifluus goossensiae. Anayefanya kazi katika miombo ya Iringa leo bado hulazimika kurudi kwenye mabamba ya Kongo, kwa sababu Goetze hakuacha mabamba ya namna hiyo huku.

Hapa ndipo ninapoliita neno kielelezo. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama za Tanzania, na hata kabla ya hapo kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama ya mwanzo alilijua neno hili. Panga ni panga mpaka shahidi alitambue, aeleze lilikopatikana na nani alilishika tangu siku ile, na hakimu alipokee. Baada ya hapo ni kielelezo, na lina namba. Halijabadilika umbo, kilichobadilika ni kwamba sasa linaweza kutegemewa katika hukumu, na linaweza kuhojiwa.

Picha ya uyoga hupandishwa cheo kwa njia hiyohiyo. Picha ya ukutani inaruhusiwa kuwa nzuri tu. Mchoro kielelezo lazima useme uyoga uliokotwa wapi, lini, chini ya mti gani, na sampuli yake iliyokaushwa imehifadhiwa wapi. Uonyeshe uyoga mchanga na mkongwe, uonyeshe mmoja uliopasuliwa toka kofia hadi chini ili ijulikane matamvua yameshikaje mguu, na uonyeshe kifuko kilichoko ardhini, ambacho mkataji kwa kisu hukiacha shimoni na ambacho kwa jenasi ya Amanita ni cha kufa na kupona. Uonyeshe pia rangi ya spora, inayopatikana kwa kuilaza kofia juu ya karatasi usiku kucha.

Si urembo wa kitaalamu huo. Chlorophyllum molybdites, mmoja wa uyoga unaotapisha watu zaidi katika nchi za joto, ukiwa mchanga una matamvua meupe na unafanana na uyoga mwema wa majanini. Ukikomaa matamvua hugeuka kijanikijani, na spora zake zikidondoka karatasini ni za kijani. Picha moja ya uyoga mmoja mchanga, hata ipigwe kwa kamera ghali namna gani, haitoi ushahidi huo. Hii ndiyo sababu simu za mkononi hazijaua kazi ya mchoraji. Picha ya kamera hukamata uyoga mmoja kwa dakika moja, chini ya mwanga wa kijani wa msituni. Mchoro hukusanya maisha yake yote kwenye karatasi moja. Ila mchoraji naye ana hatari yake: anaweza kuunganisha vipande vya uyoga watatu akaunda wa nne ambao haujawahi kuota popote. Kamera haidanganyi hivyo. Kwa hiyo mahitaji ya kielelezo yanamhusu mchoraji kuliko mpiga picha.

Tukirudi huku kwetu, mwaka 1977 David Pegler wa bustani ya mimea ya Kew alitoa kitabu kikubwa cha uyoga wenye matamvua wa Afrika Mashariki, akitegemea michoro ya kalamu. Kisha, kuanzia miaka ya 1990, Marja Härkönen wa Helsinki na wenzake, akiwamo Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakafanya kile ambacho mwaka 1899 hakikufanyika: waliokota uyoga, wakaukausha, wakaupiga picha za rangi ungali mbichi, na wakawauliza wanaoula. Mwaka 1994 walitangaza spishi mpya za Amanita nyekundunyekundu, mojawapo ikiitwa Amanita mafingensis, kwa jina la Mafinga. Kitabu chao cha mwaka 2003, Tanzanian Mushrooms, kimeyaweka majina ya wenyeji kando ya majina ya Kilatini. Mimi naona majina hayo ni sehemu ya kielelezo: aliyeyatamka ni shahidi aliyeuona uyoga huo miaka mingi kuliko yeyote maabarani.

Pana pingamizi mbili. Ya kwanza ni kwamba "kielelezo" limeshachoka: vitabu vya shule huandika Kielelezo 3 chini ya grafu, na mwalimu husema mwanafunzi fulani ni kielelezo cha nidhamu. Ni kweli, na ndiyo maana sipendekezi lisimame peke yake. Likishikana na "mchoro" maana za pembeni hupungua. "Taswira", ambalo wengine hulipenda, limekwisha kuchukuliwa na wahakiki wa mashairi, tuwaachie. Ya pili ni ya sarufi: wingi wake ni nini? Ningesema michoro kielelezo, nomino ya pili ikikaa palepale, jinsi tunavyosema punda milia wawili bila kuigusa milia.

Mchoro kielelezo una jirani aliye karibu mno, na huchanganywa naye. Kila jina la spishi limefungwa kwenye sampuli moja ambayo ndiyo mwamuzi wa mwisho pakizuka ubishi. Kwa kuwa tunasema kampuni mama na sheria mama, sampuli mama inafaa. Zamani mchoro peke yake uliruhusiwa kushika nafasi hiyo, na huo tungeuita mchoro mama. Baadhi ya majina ya Bulliard yanashikiliwa na mabamba yake kwa namna hiyo. Kwa spishi zilizotangazwa tangu tarehe 1 Januari 2007 kanuni zinadai sampuli halisi, isipokuwa kwa kuvu zisizoonekana kwa macho pale utunzaji unaposhindikana. Mchoro mama unaweza kuwa mchoro kielelezo pia, lakini si kila mchoro kielelezo ni mama.

Imebaki lebo ya vipimo, ambayo watafsiri huiruka. Penye uyoga mdogo andika "ukubwa halisi" na inatosha. Lakini Termitomyces titanicus, unaoota kwenye vichuguu na uliotangazwa mwaka 1980 kutoka Zambia, ng'ambo tu ya Tunduma, hufikisha kofia ya karibu mita moja. Huo hauna ukurasa wa kuutosha. Andika "moja ya tano ya ukubwa halisi", na chora rula pembeni, kwa sababu wachapaji hupunguza picha bila kuuliza.