Menengai: Kasoko au Kaldera?

Menengai, inayouangalia mji wa Nakuru kutoka kaskazini, wengi huiita kreta, na anayetaka Kiswahili cha vitabuni husema kasoko. Majina yote mawili hupotosha kuhusu chanzo chake. Kasoko ni tundu la volkano, pale zaha na majivu yanapotokea. Menengai haikutobolewa hivyo, ilididimia. Chini ya mlima wa kale palikuwa na hodhi ya magma, na volkano ilipoitapika kwa kishindo, kilele kilikosa cha kukiegemeza kikaporomoka ndani. Kilichobaki ni duara la kuta, kilomita 12 hivi kwa 8, ambalo sakafu yake ilifunikwa na zaha ya baadaye. Wanajiolojia huliita kaldera.

Kwa Kihispania neno hilo ni sufuria kubwa, na asili yake ni Kilatini cha joto. Liliingia katika sayansi kupitia Mjerumani Leopold von Buch, aliyezuru Visiwa vya Canary mwaka 1815, ambako bonde moja la kisiwa cha La Palma huitwa Caldera de Taburiente. Ajabu ni kwamba bonde hilo lilichongwa zaidi na maporomoko ya ardhi na mmomonyoko kuliko mdidimio wowote. Neno lilitaja umbo; chanzo kilipachikwa baadaye. Ndiyo maana siafiki hoja kwamba tulitafsiri kama tulivyofanya kwa Bonde la Ufa, jina lililoenea kutokana na maandishi ya John Walter Gregory, aliyepita humu mwaka 1893. Ufa hutaja tukio lenyewe: ardhi imepasuka. Sufuria haitaji tukio lolote, ila itamkumbusha msomaji ugali.

Wengine watasema kwamba hata Waingereza huiita Menengai kreta, na Ngorongoro vilevile, ingawa zote ni kaldera. Ni kweli, na mazoea ya watalii hayana madhara. Lakini Longonot ina kaldera ya kale na kasoko kileleni. Mwalimu mwenye neno moja ataifafanuaje? Tena visima vya mvuke vilivyoanza kuchimbwa Menengai mwaka 2011 vinafuata joto la magma ileile ambayo mdidimio ni ushahidi wake. Kibao cha barabarani kibaki kilivyo. Kitabu cha jiografia kiandike kaldera, kieleze kuwa ni mdidimio wa volkano, na neno kasoko kiliachie tundu la mlipuko.