Mdomo Ulioponza na Mdomo Uliotuliza: Petey Greene katika Filamu na katika Historia

Katika masomo ya fasihi simulizi tunafundishwa methali isemayo "mdomo uliponza kichwa". Mimi niliielewa methali hiyo kabla ya kuisoma. Mnamo Septemba 2009 nilikuwa mtoto mdogo, nikilelewa na bibi yangu nje kidogo ya mji wa Masaka, Uganda. Siku moja redio yake, iliyokaa dirishani mchana kutwa, ilibaki ikikoroma tu. Kulikuwa na ghasia Kampala, na stesheni nne, ikiwemo CBS aliyoipenda bibi, zilizimwa kwa hoja kwamba matangazo yao yaliwachochea watu. Mijadala ya hadharani iliyoitwa ebimeeza, ambayo ilirushwa moja kwa moja na wananchi wa kawaida wakipokezana kipaza sauti, ilipigwa marufuku. CBS ilikaa kimya kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Tangu wakati huo nimebeba swali moja. Je, mtu asemaye bila woga redioni huwasha moto au huuzima? Nilikutana na swali hilo tena nilipotazama filamu ya Kimarekani iitwayo Talk to Me, iliyotolewa mwaka 2007 na kuongozwa na Kasi Lemmons. Filamu hiyo inasimulia maisha ya Petey Greene, mtangazaji Mweusi wa jiji la Washington. Insha hii inaichunguza kama chanzo cha historia. Hoja yangu ni kwamba filamu inaeleza vizuri kwa nini watu walimwamini Greene, lakini inakosea kipimo cha maisha yake, kwa sababu kipimo hicho ni cha mtu mwingine.

Nianze na jinsi filamu inavyosimulia. Dewey Hughes, anayeigizwa na Chiwetel Ejiofor, ni mfanyakazi Mweusi mwenye cheo katika kituo cha redio cha WOL. Anakwenda gerezani kumtembelea ndugu yake na huko anakutana na Petey Greene, anayeigizwa na Don Cheadle, mfungwa anayetangaza muziki kwa wafungwa wenzake. Greene anapoachiliwa anafika kituoni na nguo zake za kumeremeta, akidai kazi. Mwenye kituo ni Mzungu, na maneno ya kwanza ya Greene hewani yanamghadhabisha. Hata hivyo simu za wasikilizaji zinamiminika. Baadaye Hughes anakuwa meneja wake na kumsukuma apande ngazi hadi kwenye televisheni ya taifa. Greene anashindwa, au anakataa, na urafiki wao unavunjika. Mwishoni wanapatana, Greene anafariki, na Hughes anazungumza kwenye mazishi yake.

Historia inathibitisha sehemu kubwa ya mifupa ya kisa hiki. Ralph Waldo Greene, aliyejulikana kama Petey, alizaliwa Washington mwaka 1931 na kulelewa na bibi yake katika umaskini. Alikuwa mwanajeshi wakati wa vita vya Korea. Mwaka 1960 alihukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa wizi wa kutumia silaha, akapelekwa katika gereza la Lorton, Virginia. Huko ndiko alikoanza utangazaji. Mwaka 1966 aliachiliwa kabla ya kumaliza kifungo, baada ya kumbembeleza mfungwa mwenzake aliyekuwa amepanda juu akitishia kujirusha. Greene mwenyewe alisimulia baadaye, kwa kicheko, kwamba ndiye aliyempanga mwenzake apande. Mwaka huohuo wa 1966 Dewey Hughes alimchukua WOL.

Jambo ambalo filamu inalidokeza tu, na ambalo mwanahistoria hawezi kuliruka, ni hali ya kisiasa ya jiji lenyewe. Washington ni makao makuu ya nchi inayojiita mama wa demokrasia, lakini wakazi wake waliruhusiwa kumpigia kura rais kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa 1964. Greene alipoanza kutangaza, hawakuwa na meya waliyemchagua. Meya aliyekuwapo mwaka 1968, Walter Washington, aliteuliwa na rais mwaka 1967, na wananchi hawakupiga kura ya umeya hadi mwaka 1974. Wakati huo zaidi ya nusu ya wakazi walikuwa Weusi. Kwa hiyo jiji lenye Weusi wengi liliongozwa na watu ambao Weusi hao hawakuwachagua. Mahali pasipo na baraza, watu hutafuta baraza lingine. Wasikilizaji wa WOL walilipata redioni, kwa mtu aliyezungumza lugha yao ya mtaani na kuwataja wakubwa kwa majina yao.

Hata baraza hilo lilikuwa la kupanga. WOL iligeuzwa kuwa kituo cha muziki wa soul katika miaka ya 1960, watangazaji wake walikuwa Weusi, lakini mali ilikuwa ya kampuni ya Sonderling, Mzungu. Huu ulikuwa utaratibu wa kawaida Marekani. WDIA ya Memphis, kituo kilichotangulia kuwalenga Weusi katika vipindi vyake vyote kuanzia miaka ya 1940, kilimilikiwa na Wazungu. Kituo cha kwanza kumilikiwa na Mweusi kilikuwa WERD cha Atlanta, mwaka 1949. Mtangazaji kama Greene alikuwa na sauti, lakini swichi ya mtambo ilikuwa mkononi mwa mtu mwingine. Filamu inaonyesha mvutano huo vizuri katika mandhari za ofisi ya mwenye kituo, ambako hasira hupoa kila hesabu ya wasikilizaji inapopanda.

Kitovu cha filamu ni usiku wa tarehe 4 Aprili 1968. Martin Luther King aliuawa Memphis jioni hiyo, na habari ilipofika Washington vijana wakaanza kuvunja madirisha karibu na makutano ya mitaa ya 14 na U. Ghasia zilidumu siku kadhaa. Watu 13 walikufa, zaidi ya watu 6,000 walikamatwa, na serikali ilileta zaidi ya wanajeshi 13,000. Mitaa ya biashara ya Weusi iliteketea, na baadhi ya viwanja vilibaki vitupu kwa miongo kadhaa. Katika filamu, Greene anaketi mbele ya kipaza sauti, sauti ikimkatika, anawaacha watu walie naye, kisha anawaomba warudi nyumbani.

Ni kweli kwamba Greene alizungumza redioni siku hizo na kuwaomba watu watulie, na wengi wamemsifu kwa hilo. Lakini hakuwa peke yake. Watangazaji wengine wa WOL walifanya kazi hiyohiyo. Mwanamuziki James Brown, baada ya tamasha lake la Boston la tarehe 5 Aprili lililorushwa kwenye televisheni ili watu wabaki majumbani, alikwenda Washington kutoa wito wa utulivu. Hata King mwenyewe, mnamo Agosti 1967, alikuwa amezungumza mbele ya mkutano wa watangazaji Weusi mjini Atlanta na kuwashukuru kwa mchango wao katika harakati. Tunachokiona usiku ule, basi, ni kazi ya tabaka zima la watangazaji. Filamu inaweka kazi ya wengi katika kinywa cha mmoja, kama filamu nyingi zinavyofanya, na hapo mwanafunzi wa historia anapaswa kuwa macho.

Pamoja na hayo, naona filamu imeshika ukweli mmoja mzito. Serikali iliweza kutangaza amri ya kutotoka nje na kuleta wanajeshi, lakini haikuwa na sauti ambayo kijana mwenye hasira angeisikiliza kwa hiari. Greene alikuwa nayo kwa sababu kwa karibu miaka miwili alikuwa amesema mambo ambayo wengine waliyaogopa. Tena alianza na nafsi yake: alisimulia wizi wake, ulevi wake, na aibu ya kufungwa. Mtu aliyeyaanika makosa yake hadharani hakuonekana kuwa amenunuliwa alipowaambia watu waende nyumbani. Ukali wake wa siku za kawaida ndio uliokuwa akiba ya siku ya msiba.

Sasa nirudi kwenye suala la kipimo. Mswada wa filamu uliandikwa na Michael Genet pamoja na Rick Famuyiwa. Genet ni mtoto wa Dewey Hughes. Simaanishi kwamba mtoto hawezi kusema kweli kuhusu baba yake. Hata sisi hukusanya historia ya ukoo kutoka kwa watoto wa waliohusika. Lakini tunapofanya hivyo huuliza msimulizi amekaa upande gani wa moto. Katika filamu hii, tumekaa na Dewey. Ndoto ni ya Dewey: kupanda, kutoka mtaani, kufika kwenye kipindi cha Johnny Carson kinachotazamwa na nchi nzima. Greene anaposimama mbele ya watazamaji Wazungu na kukataa kuwachekesha, sisi watazamaji tunahisi ameanguka, na kuanzia hapo filamu inakuwa na huzuni ya mtu aliyepoteza nafasi.

Ukimpima Greene kwa kipimo chake, hadithi inabadilika. Alisaidia kuanzisha shirika la kuwasaidia watu waliotoka gerezani, lililoitwa Efforts for Ex-Convicts, kwa sababu alijua mwenyewe uzito wa kutafuta kazi ukiwa na jina la mfungwa. Kuanzia 1976 hadi 1982 aliendesha kipindi chake cha televisheni, Petey Greene's Washington. Jina lenyewe linasema wazi alitaka kuwa mtu wa wapi. Mwezi Machi 1978 alialikwa Ikulu ya Marekani katika dhifa ambayo Rais Carter alimwandalia Rais Tito wa Yugoslavia, naye akatoka huko akitania kwamba ameiba kijiko. Hayo si maisha ya mtu aliyeshindwa kupanda ngazi. Ni maisha ya mtu aliyechagua kubaki na watu wake, na filamu inayapitia miaka hiyo haraka mno.

Bahati nzuri, sauti yake mwenyewe haikupotea. Kabla ya kufa alimsimulia mwandishi Lurma Rackley maisha yake katika kanda, na Rackley aliyachapisha katika kitabu mwaka 2003. Baadaye ilitengenezwa pia filamu ya hali halisi inayoitwa Adjust Your Color, yenye picha za vipindi vyake. Vilevile kuna mtu mmoja muhimu anayekosekana katika simulizi ya WOL tunayopewa: Cathy Hughes, ambaye pamoja na Dewey walikinunua kituo hicho mwaka 1980. Ndoa yao ilipovunjika yeye ndiye aliyebaki nacho, akalala humohumo kituoni na mwanawe alipokosa nyumba, na kutoka hapo akajenga kampuni kubwa ya redio iliyoitwa Radio One. Mfungwa aliyesema kwa ruhusa ya mwenye kituo ni sura moja ya historia hii, na mwanamke Mweusi aliyeishika swichi mwenyewe ni sura inayofuata. Ukiiacha sura hiyo, mtazamaji hajui mvutano ule wa ofisini uliishia wapi.

Msomaji anaweza kunipinga kwa mfano ulio karibu nasi. Mwaka 1994, huko Rwanda, redio RTLM nayo ilikuwa na watangazaji wachangamfu waliozungumza lugha ya mtaani na kupendwa, na walitumia mapenzi hayo kuelekeza mauaji. Pingamizi hilo ni la haki, na linanizuia kusema kwamba kila mdomo mkali ni mzuri. Tofauti ninayoiona iko katika shabaha. Greene aliwalenga wenye madaraka, tena akijianza yeye. RTLM iliwalenga majirani. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtangazaji ni "unamsema nani, na je, naye anaweza kukujibu?" Ukali wa sauti pekee hautuambii kitu.

Filamu ya Talk to Me inafaa kutazamwa darasani, mradi iambatane na kitabu cha Rackley na takwimu za ghasia za 1968. Inatufundisha kwamba utulivu wa siku ya msiba hauwezi kuagizwa kutoka kwa sauti zilizozoea kunyamaza. Jamii inayozima midomo yake yote siku za kawaida haitakuwa na wa kumtuma siku moto utakapowaka.

Likizo iliyopita nilimsimulia bibi yangu habari za Petey Greene. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, na alipokufa, watu wake walimzikaje?" Nilimwambia kwamba alifariki kwa saratani Januari 1984, na kwamba maelfu ya watu wa Washington walijitokeza kumuaga katika baridi ya mwezi huo. Bibi akanyoosha mkono, akapandisha sauti ya redio yake kidogo. "Basi," akasema, "walikuwa wakimsikiliza kweli."